Re: Mistari inayeyuka nikipita kilabuni

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini mistari ya Biblia unayoishika asubuhi inakutoka jioni ukisikia harufu ya uraka, ile pombe ya mabibo. Mimi niko Masasi, na msimu wa korosho, hela ya mnada ikiwa mfukoni, najua vizuri hiyo harufu!

Kosa langu lilikuwa kukariri sura nzima kwa pupa. Sasa nachukua mstari mmoja kwa wiki. Naunakili nyuma ya stakabadhi ya zamani ya korosho, naukunja, nauweka mfuko wa shati. Nikiwa shambani naokota, kila nikihamia mkorosho mwingine nausema kwa sauti bila kuchungulia. Watoto wa jirani wananicheka, wamezoea. Nilianza na Zaburi 119:11, "Moyoni mwangu nimeliweka neno lako, nisije nikakutenda dhambi."

Chagua mstari unaogusa pale unapoteleza. Kwako wa pombe, shika 1 Wakorintho 10:13, ule wa Mungu kukufanyia mlango wa kutokea ukijaribiwa. Halafu mlango wenyewe uutumie: pita njia nyingine, bwana.

Ila soma na yanayouzunguka mstari. Kwenye Mathayo 4 Yesu alipojaribiwa alijibu mara tatu, zote kutoka Kumbukumbu la Torati, lakini Ibilisi naye alinukuu Zaburi 91. Kukariri kutupu hata yeye anaweza.

Mpe mkeo au mzee wa kanisa akusikilize Jumapili. Mimi hunisikiliza mama, na hakubali niruke hata neno moja.