Jibu: Mycoplasma haioti kwenye agari

Salama ndugu. Unauliza kwa nini bakteria wa homa ya mapafu ya ng'ombe, Mycoplasma mycoides, hawaoti kwenye agari ya kawaida (ile jeli ya kuoteshea bakteria), ilhali E. coli, bakteria wa utumbo, wa rafu hiyo hiyo wamejaa sahani kesho yake.

Anza na seramu, yaani majimaji ya damu yasiyo na seli. Jenomu ya huyu wako, yaani DNA yake yote, ina herufi kama milioni 1.2, ya E. coli ni milioni 4.6 hivi. Alichotupa njiani ni ufundi wa kujipikia: asidi za amino, viungo vya DNA, karibu kila kitu hukitoa kwa ng'ombe. Ni mpangaji asiye na jiko. Hana hata ukuta wa seli, na utando wake hauimariki bila kolesteroli ya mwenyeji. Bila seramu, asilimia 10 hadi 20, unampa sahani tupu.

Mimi nilipoteza wiki mbili hapa Nairobi. Kumbe nilimimina seramu ya farasi agari ikiwa moto, ikaganda vipande vyeupe kama yai la kuchemsha. Siku hizi nangoja chupa ishuke hadi digrii 50 hivi.

Penisilini weka tu kuzuia bakteria wengine; yeye haimgusi, kwani hushambulia ukuta asio nao. Halafu usitupe sahani mapema: subiri wiki nzima, kisha tafuta kwa hadubini koloni ndogo zinazofanana na yai la kukaanga.

Na giliseroli, kijenzi cha mafuta, anayoidoea kwa ng'ombe? Akiitumia hutoa haidrojeni peroksaidi, inayounguza seli za mwenyeji wake. Mgeni gani huyo!