Uko Uingereza, mbona picha zote ni matope na ng'ombe?

Dada Mwajuma, nawe pamoja na wadogo zangu mnaosema nawaficha kitu: sifichi, naishi shamba. Kazi ya kutunza wazee majumbani ndiyo iliyonileta huku Nottinghamshire, na wazee wenyewe wako vijijini.

Kwanza, msidhani kijiji cha huku ni cha maskini. Nyumba yenye bustani kijana wa hapohapo haiwezi bei yake. Anahamia mjini, wanabaki wastaafu wenye magari. Duka hakuna, basi la kubahatisha. Desemba saa kumi jioni giza limeshaingia. Jirani atakuamkia vizuri, mtaongea habari za mvua, na mwaka utaisha hujaiona sebule yake. Kupiga hodi tu na kuingia, sahauni.

Ila kuna kijiji kimoja ninachopita kikazi, Laxton, kile nakipenda. Wana mashamba matatu makubwa yaliyogawanywa ngwe tangu Zama za Kati. Ngwe za mkulima mmoja zimetawanyika huku na kule, asije mtu akajitwalia udongo mzuri peke yake. Shamba moja lina ngano, la pili mazao yanayopandwa baridi ikipungua, la tatu limepumzishwa. Kwingine Uingereza utaratibu huo ulikufa, hasa karne ya 18 na 19, Bunge lilipopitisha sheria za kuzungushia ua ardhi ya pamoja na wanyonge wakaishia kuwa vibarua. (Mkisikia Mzungu anatufundisha habari za ardhi, mkumbuke hilo.) Laxton ilinusurika, ramani yake ya 1635 inaonyesha ngwe moja moja.

Mwishoni mwa Novemba wakulima walioteuliwa kuwa wazee wa baraza hupanda trela la trekta kwenda kukagua shamba la ngano. Wanagonga vigingi upya, na aliyelima akaingilia njia ya wote anaandikiwa faini. Kisha wanakwenda baa kula. Baadaye mahakama yao ya kijiji inakaa, na ni mahakama kweli: sheria ya 1977 ilizinyang'anya mahakama nyingi za aina hiyo mamlaka yao, ya Laxton ikaachwa.

Kuhusu Hamisi kunifuata: mlango niliopitia mimi ulifungwa Julai 2025, watunza wazee hawaajiriwi tena moja kwa moja kutoka nje. Wakala akimwambia nafasi zipo, asitoe hata senti.