Neema, Akili Yako Haijachakaa

Mwanangu Neema,

Marahaba. Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma na kuurudia. Unaniuliza mbona unashinda ofisini kutwa na jioni huoni ulichofanya. Unafungua hesabu, simu inalia, unajibu, ukirudi hukumbuki ulikuwa mstari gani. Unasema umeanza kuogopa kwamba akili inachakaa kabla hujafika miaka 30. Jambo hili halifai kujibiwa kwa ujumbe wa sauti, ndiyo maana nimekaa kukuandikia.

Haijachakaa, mama. Unaibebesha kazi ambayo ubongo wa binadamu yeyote hauiwezi.

Ulikuwa mdogo nilipokuwa wodi ya watoto, kwa hiyo haya hukuyaona. Enzi zile malaria kali tuliitibu kwa dripu ya kwinini, na hatukuwa na mashine ya kuiendesha. Muuguzi anasimama kando ya kitanda, saa mkononi, macho kwenye kile kichupa ambamo dawa inadondoka, anahesabu matone ya dakika nzima huku kidole gumba kikiwa kwenye kibano cha mpira. Kwinini ikienda mbio inashusha presha na kusumbua moyo, na mtoto mwenyewe ana kilo 9. Umefika tone la kumi na nane, mama wa kitanda cha pili anaita, "Sista, huyu wangu anatapika." Umegeuza kichwa tu, hata hatua hujapiga, na hesabu imepotea. Tulifundishwa kwamba hapo hakuna kukisia: unaanza tena tone la kwanza, hata kama moyo unakuambia ilikuwa kumi na nane.

Sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso, ndiyo inayoshikilia kile unachofanya sasa hivi: namba uliyoibeba, hatua uliyopo, inayofuata. Nafasi yake ni finyu mno, wataalamu wengi wanaikadiria kuwa ya vitu 4 hivi kwa wakati mmoja. Likiingia jambo jingine, vilivyokuwemo vinatoka. Ukirudi huvikuti pale ulipoviacha, inabidi uvikusanye upya, na kukusanya huko ndiko kunakokula siku yako. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan, Marekani, waliwapa watu kazi ya kompyuta yenye hatua za kufuatana, wakawa wanawakatiza kwa sekunde 3 tu hivi. Makosa ya kuruka au kurudia hatua yaliongezeka maradufu. Kwetu wauguzi kuna utafiti wa Sydney, Australia, uliochapishwa 2010: waliwafuatilia wauguzi 98 wakigawa dawa, wakaona kila walipokatizwa makosa yanapanda kwa asilimia 12 hivi. Nami nayaamini hayo kwa niliyoyaona wodini.

Na wewe usijipunje kwa kusema kwako ni karatasi tu. Unalinganisha taarifa ya benki na vitabu, huku risiti za EFD zimetapakaa mezani na ritani ya VAT inatakiwa TRA tarehe 20. Ukiitwa kikaoni katikati ya hayo, mwili unakwenda na fikra nyingine inabaki kwenye hesabu. Sophie Leroy, mtafiti wa mambo ya kazi, alilionyesha hili mwaka 2009: mtu akiacha kazi haijaisha akaingia nyingine, masalia ya ile ya kwanza yanabaki kichwani, na ya pili inafanywa kwa akili pungufu.

Kuhusu uchovu wako, mwaka 2008 Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, na wenzake waligundua kwamba watu waliokatizwa walimaliza kazi haraka zaidi kuliko wasiokatizwa. Walikaza mwendo kufidia. Lakini walilipa kwa msongo, hasira na kujihisi wanakimbizwa. Nadhani hapo umejiona. Bosi anaona kazi imefika, hajui ulichokitumia kuifikisha.

Sasa hili halitakufurahisha. Mark alipokaa maofisini kuwaangalia watu wakifanya kazi, aliona kwamba karibu nusu ya kukatizwa kunatoka kwa mtu mwenyewe: hakuna aliyekuita, umeinua simu tu. Na kuigeuza kifudifudi mezani hakutoshi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Florida wa 2015 ulionyesha kwamba mtetemo peke yake, hata usipoigusa simu, unatosha kuharibu umakini, kwa sababu fikra zinakwenda kumtafuta aliyetuma. Unapofanya hesabu za kufuatana, zima data, na simu iwe ndani ya mkoba, mbali na mkono.

Mtu akija mezani kwako, usimkatalie. Mwambie, "Nipe dakika moja," kisha andika kwenye karatasi umefika wapi na ukirudi unaanza na nini. "Nimefika hundi ya tarehe 14, haijaonekana benki, niulize tawi." Mstari kama huo. Ndipo umwinulie macho. Leroy alirudi kulipima hili, akakuta mpango mfupi wa namna hiyo unaipa akili ruhusa ya kuachia. Sisi tulifanya vivyo hivyo kwenye chati ya mgonjwa.

Lile kundi la WhatsApp la ofisi ni la kuzungumza na bosi, kwa adabu na ana kwa ana. Usiliandike kundini. Muombe muda wa saa 2 kila asubuhi wa kufanya hesabu bila ujumbe, na mwenye dharura apige simu ya kawaida. Mwonyeshe marekebisho ya mwezi uliopita, mengi yatakuwa ya siku zile mlizosumbuliwa sana. Lugha hiyo mkuu yeyote wa fedha anaielewa.

Ila kama kusahau kunakufuata hadi nyumbani siku za mapumziko, au usingizi umekukimbia, nenda hospitali ukapime damu na presha. Hilo nitakuuliza kila wiki mpaka unijibu. Na bosi ukishaonana naye, nipigie uniambie amesemaje.

Mama yako