Barua kwa mwanangu: biokemia ni ya kukariri?

Mwanangu,

Marahaba. Ujumbe wako nimeupata. Unauliza kama biokemia na biolojia ya seli ni masomo ya kuelewa au ya kukariri, maana umekesha ukimeza hatua zote 10 za glaikolisisi, yaani njia ya seli kuvunja sukari ya glukosi ipate nishati, na kwenye jaribio bado umeanguka. Kwa kuwa kazi yangu ni hiyohiyo ya maabara, sitakuzungusha: cha kukariri kipo, lakini ni kidogo, na nadhani wewe umekiruka ukakimbilia kisichokaririka.

Cha kukariri ni asidi amino 20, yale matofali yanayojenga protini. Tena usiishie kwenye majina. Jua umbo la kila moja, chaji yake, na kama inapenda maji au inayakimbia. Ukishazijua hizo, mengi yanayofuata utayabashiri mwenyewe.

Chukua selimundu. Kwenye jeni ya beta-globini, yaani mnyororo wa beta wa hemoglobini (protini inayobeba oksijeni kwenye damu), herufi moja ya DNA imebadilika, GAG imekuwa GTG, na asidi amino ya 6, iliyopaswa kuwa glutameti, imekuwa valini. Hapo wengi hufunga daftari. Wewe endelea kuuliza: halafu ikawaje? Glutameti ina chaji hasi na inapenda maji. Valini haina chaji, inayakimbia maji, na hapa imekaa upande wa nje wa protini. Hemoglobini ikishaachia oksijeni hubadilika umbo, na kwenye molekuli ya jirani panakuwa na kijishimo ambamo valini ile hujichomeka. Zikishikana hivyo moja baada ya nyingine zinakuwa nyuzi ndefu, nyuzi zinaisukuma seli nyekundu mpaka inapinda, na seli iliyopinda inakwama kwenye mishipa midogo. Mwaka 1949 mwanakemia Linus Pauling na wenzake walipitisha umeme kwenye hemoglobini hiyo wakaona haitembei sawa na ya kawaida. Kwa nini? Usiendelee kusoma kabla hujajibu. Hemoglobini ina minyororo miwili ya beta, kwa hiyo chaji hasi mbili zimepotea, na umeme huivuta molekuli kulingana na chaji yake. Kwamba ni glutameti iliyogeuka valini, Vernon Ingram alikuja kulionyesha mwaka 1957. Mimi hadi leo nalipenda jambo hili kuliko yote niliyosoma chuoni: herufi moja, na unaifuata kwa hoja tupu mpaka kwa mgonjwa kitandani.

Glaikolisisi nayo isome hivyo. Kwa nini seli ianze kwa kutoa ATP, molekuli inayobeba nishati yake, kuibandikia glukosi fosfeti? Kwa sababu glukosi yenye fosfeti ina chaji, haiwezi tena kupenya utando ikatoroka. Inatumia ATP 2, inatengeneza 4, inabaki na 2. Halafu ziba njia mahali fulani uone nini kitarundikana, maana watahini ndicho wanachopenda. Floridi, kwa mfano, huzuia enolesi, kimeng'enya cha hatua mojawapo ya njia hiyo. Ndiyo maana damu inayopelekwa kupimwa sukari mara nyingi huwekwa kwenye chupa yenye floridi. Bila hiyo, seli za damu zingeendelea kuila sukari humohumo kabla kipimo hakijafanyika.

Mahesabu ya Michaelis na Menten, yale ya kasi ya kimeng'enya, hayana ujanja. Chora grafu kwa mkono, badilisha namba, chora tena.

Maabara usiende kama mtu anayefuata mapishi. Kabla hujashika pipeti, ujue kila mrija upo kwa sababu gani, hasa ule wa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi) unaowekewa maji mahali pa DNA. Ukipitisha yaliyomo kwenye mrija huo katika jeli inayoonyesha DNA kama mistari, ukaona mstari, kuna uchafuzi, na matokeo yako mengine yote, hata yawe mazuri namna gani, huwezi kuyaamini. Wanafunzi huuona kama mrija wa bure. Mimi ndio ninaoukagua kwanza.

Suala la kuhamia kozi nyingine tuliache mpaka matokeo ya muhula yatoke. Jaribio moja halitoshi kuamulia. Jumapili ukipiga simu uwe na kalamu na karatasi nyeupe, madaftari yafunge. Nitakutajia kimeng'enya kimoja kilichozibwa, na wewe utaniambia nini kinajaa na nini kinapungua.

Mama yako