Ukipita Hong Kong, Usiishie Chungking: Makumbusho ya Kuanza Nayo

Watu wetu wengi wanaofika Hong Kong hawaendi kutalii. Wamefuata mzigo Guangzhou, wanapitia pale kwa ajili ya simu, vipuri au ndege ya kurudi, wanalala kwenye vyumba finyu vya Chungking Mansions, jengo la nyumba za wageni za bei nafuu, na alfajiri wako uwanja wa ndege. Ukiwauliza mji ukoje watakwambia maghorofa, joto na bei. Mimi pia napita huko kwa shughuli hizo hizo, ila nina ugonjwa wa makumbusho, na kila safari natenga muda wa kuyazungukia. Jamaa wa Kariakoo wameshanijua. Swali lao ni moja: "Kaka, nina siku moja tu ya bure, niende wapi?"

Kwanza mimi nawauliza leo ni siku gani. Sitanii. Makumbusho ya Hong Kong hayafungwi siku moja, na mgeni asiyejua hilo hujikuta anapiga picha mlango. M+, yale ya sanaa ya kisasa, hufungwa Jumatatu. Makumbusho ya Kasri, ya Historia, ya Urithi na ya Vyombo vya Chai hufungwa Jumanne. Ya Sanaa na ya Sayansi hufungwa Alhamisi. Kwa hiyo kama unaweza kuchagua, chagua Jumatano, maana hayo yote yako wazi, na zaidi ya hapo siku hiyo maonyesho ya kudumu ya Makumbusho ya Sayansi hayana kiingilio. Mwaka Mpya wa Kichina nao uangalie, mengi hufunga siku mbili za mwanzo.

La pili ninalouliza: uko upande gani wa maji? Mji umegawanywa na Bandari ya Victoria. Kusini ni Kisiwa cha Hong Kong, kaskazini ni Kowloon, ambako ndiko iliko Chungking. Kuvuka si kazi, lakini kuvuka mara nne kwa siku moja ni kujichosha bure. Panga upande mmoja asubuhi, mwingine jioni, basi.

Sasa jibu lenyewe. Kama una nafasi ya kuona makumbusho mamoja tu, nenda Makumbusho ya Bahari, Gati namba 8, pale Central, upande wa Kisiwa. Orodha nyingi za mtandaoni huyaweka chini kabisa, baada ya majengo mapya yaliyojengwa kwa mabilioni. Mimi nayaweka juu, na sababu ni kwamba mji huu usingekuwepo bila bandari, na hapa ndipo bandari inapoelezwa na wanaoijua. Zaidi ya hapo unaitazama yenyewe. Unasoma habari ya meli, unainua macho, na nje ya dirisha meli zinapita.

Makumbusho haya yalianza mwaka 2005 kule Stanley, yakahamia gatini mwaka 2013. Si makubwa. Kwa saa mbili umemaliza, ila usiyakimbilie, hasa ukifika kwenye gombo la maharamia. Ni mchoro mrefu wa mita 18, uliochorwa kusifia ushindi wa serikali ya Qing, ukoo uliotawala China enzi hizo, dhidi ya maharamia wa Bahari ya China Kusini mwaka 1809 na 1810. Tembea nalo polepole, ukifuata merikebu moja hadi nyingine, moshi wa mizinga, watu wanaoanguka majini, maofisa waliokaa wametulia kana kwamba hakuna kinachoungua.

Kisa kilicho nyuma ya gombo hilo ndicho kinachonirudisha pale. Kiongozi wa maharamia, Zheng Yi, alifariki mwaka 1807. Mjane wake akashika usukani wa mamia ya merikebu, akishirikiana na kijana aliyeitwa Zhang Baozai, mtoto wa mvuvi ambaye maharamia walikuwa wamemteka na kumlea kama wao. Baadaye wawili hao wakaoana. Serikali ilipigana nao ikachoka, mwishowe mwaka 1810 wakakaa mezani, maharamia wakasamehewa, na Zhang Baozai akapewa cheo katika jeshi la majini la dola ile ile aliyokuwa akiisumbua. Ukilitazama gombo ukiwa unajua hivyo, utaona limechorwa na mshindi aliyetaka kusahau sehemu ya mazungumzo.

Mtu wa pwani yetu atakuwa na jambo jingine la kutafuta humo ndani: kauri. Bakuli na sahani za Kichina hazikuuzwa Ulaya peke yake. Nenda Kunduchi au Mambrui ukayaone makaburi ya nguzo yaliyopachikwa bakuli hizo, au Kilwa na Gedi ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vyake ardhini. Na mwaka 1415 ujumbe wa Malindi ulimfikishia mfalme Yongle wa China twiga, enzi zile ambapo misafara ya amiri wake Zheng He ilikuwa ikikata Bahari ya Hindi. Kwa hiyo biashara ya China na pwani yetu haikuanza na kontena la futi arobaini, na pale gatini nahisi hivyo kuliko mahali pengine popote katika mji ule.

Ukitoka Gati 8, jirani yake ni Gati 7, na hapo ndipo unapopanda Star Ferry kwenda Tsim Sha Tsui. Mwanzilishi wa huduma hiyo mwaka 1888 alikuwa mfanyabiashara wa Kiparsi, Dorabjee Naorojee. Nauli yake hata leo haifiki dola kumi za Hong Kong, na dola moja ya Marekani ni kama 7.8 za huko. Usipande treni ya chini ya bahari kama huna haraka. Kaa upande wa mbele, uone Kowloon inavyokuja.

Kivuko kinakushusha hatua chache kutoka Makumbusho ya Sanaa. Haya yalikuwapo tangu mwaka 1962, jengo la sasa la ufukweni ni la mwaka 1991, nalo lilifungwa miaka kadhaa kwa ukarabati mkubwa, likafunguliwa tena Novemba 2019. Maonyesho ya kudumu ni bure tangu 2016. Wageni wengi huingia kwa ajili ya kiyoyozi na vioo vikubwa vinavyotazama bandari, na siwalaumu. Ila tafuta picha za biashara ya China. Kabla ya kamera, wachoraji wa Guangzhou walikuwa wakiwachorea mabaharia na wafanyabiashara wa Kizungu mandhari za bandari, maghala na meli, wazipeleke kwao. Walijifunza kuchora kwa mtindo wa Kizungu ili bidhaa itoke. Mfanyabiashara yeyote anayekwenda Guangzhou leo na sampuli mkononi akiomba atengenezewe "kama hii hii" ataielewa sanaa hiyo bila mwongozaji. Sehemu ya michoro ya wino na maandishi ya Kichina inahitaji subira zaidi. Mimi huchagua gombo moja, nakaa mbele yake, mengine nayaacha.

Makumbusho ya Anga ya karibu yake, lile kuba linalofanana na yai, yapite tu kama huna watoto.

Siku ya pili, kama unayo, ni ya West Kowloon. Hapa kuna habari njema kwa anayetoka Guangzhou: treni ya kasi iliyoanza Septemba 2018 inachukua kama saa moja na kukushusha kituo cha West Kowloon, na kutoka hapo unafika M+ na Makumbusho ya Kasri kwa miguu. Lakini nisikilize vizuri kabla ya kukata tiketi. Kuingia Hong Kong ni kutoka China. Kama viza yako ya China ni ya kuingia mara moja, ukishavuka imekwisha, na mzigo wako utabaki Guangzhou bila wewe. Panga makumbusho yawe mwisho wa safari, au uwe na viza ya kuingia zaidi ya mara moja.

M+ yalifunguliwa Novemba 2021, kazi ya wasanifu wa Uswisi, Herzog & de Meuron. Ni makumbusho ya sanaa ya karne ya 20 na ya sasa, usanifu, vitu vya matumizi na picha za filamu, na ni makubwa mno: kumbi 33. Humo kuna mkusanyiko wa Uli Sigg, Mswisi aliyekuwa balozi Beijing, ambaye mwaka 2012 alitoa zaidi ya kazi 1,400 za wasanii wa China. Watu wengi wa kwetu watakuja kuniuliza hiki nacho ni sanaa gani, na baadhi ya vyumba hata mimi natoka nimekunja uso. Kinachonivutia zaidi ni mgahawa mzima wa sushi kutoka Tokyo, uliobuniwa na Shiro Kuramata mwaka 1988, ambao waliubomoa kipande kwa kipande na kuujenga upya humo ndani. Fundi seremala ama mtu wa kupamba maduka asiukose. Jua pia kwamba si kila kilichomo kwenye ghala hutundikwa: kabla ya kufunguliwa kulizuka mabishano juu ya picha ya Ai Weiwei, msanii wa China anayeikosoa serikali, iliyopigwa uwanja wa Tiananmen kule Beijing, na haikuoneshwa.

Tiketi si rahisi ukilinganisha na pale kwenye sanaa ya bure. Ukiona mfuko hauruhusu, panda bustani ya juu ya jengo, haina kiingilio, na upepo wa bandari unaupata wote. Usiku, uso wa mnara wake ni skrini kubwa ya taa inayoonesha kazi za wasanii, na huonekana vizuri zaidi ukiwa ng'ambo, upande wa Kisiwa.

Makumbusho ya Kasri, yanayoonesha hazina za kasri la wafalme la Beijing, yako jirani, yalifunguliwa Julai 2022 kwa fedha za klabu ya mbio za farasi, dola bilioni 3.5 za Hong Kong. Uamuzi wa kuyajenga ulitangazwa mwishoni mwa 2016 bila wananchi kuulizwa, na watu walilalamika sana. Vitu vyenyewe havina ubishi. Wakati wa ufunguzi Beijing ilileta vipande 914, vikiwamo 166 vya daraja la juu kabisa la hazina za taifa. Michoro ya zamani hubadilishwa mara kwa mara kwa sababu mwanga unaiharibu, hivyo ulichokiona mwaka huu huenda usikikute mwakani. Kati ya hayo mawili, kwa mara ya kwanza mimi ningechagua Kasri. Kauri na mavazi ya wafalme huhitaji maelezo machache. Kuyaona yote mawili siku moja inawezekana, ila jioni hutakumbuka kitu.

Waliokulia kwenye mabanda ya video watataka Bruce Lee, na wana haki. Makumbusho ya Urithi yako Sha Tin, kaskazini, nje kidogo ya katikati ya mji, na tangu 2013 yamekuwa yakiandaa maonyesho juu yake kwa vipindi. Angalia tovuti yao kwanza kama yapo wakati huo. Hata yakiwa hayapo, kuna ukumbi wa opera ya Kikantoni wenye mavazi ya kustaajabisha. Asiye na muda wa Sha Tin akapige picha na sanamu yake ya shaba kwenye njia ya ufukweni Tsim Sha Tsui, jirani na Makumbusho ya Sanaa, ilizinduliwa 2005.

Makumbusho ya Historia nayo yaulizie kabla. Maonyesho yake makuu ya hadithi ya mji yalifungwa Oktoba 2020 kwa matengenezo.

Upande wa Kisiwa, kama mvua imekubana Central, ingia Tai Kwun. Ilikuwa kituo cha polisi, mahakama na gereza la wakoloni wa Kiingereza, ikafunguliwa kwa umma mwaka 2018, na kuingia ni bure. Seli zimeachwa kama zilivyokuwa. Ho Chi Minh, mwanamapinduzi wa Vietnam, alifungwa kwenye gereza hilo mwaka 1931. Mwenye kupenda chai asogee hadi Hong Kong Park, kwenye nyumba ya mwaka 1846 aliyokuwa akikaa kamanda wa majeshi ya Uingereza. Sasa imejaa mabuli ya chai, na ni bure vilevile.

Beba sweta hata kama nje kunachemka. Viyoyozi vya huko vinapuliza kama chumba cha samaki pale Feri. Nunua kadi ya Octopus siku ya kwanza, itakulipia treni, kivuko, basi na hata maji dukani. Kuanzia katikati ya mwaka hadi vuli fuatilia tahadhari za kimbunga: ishara namba 8 ikipandishwa, makumbusho yanafungwa na watu wanarudi majumbani, hivyo usibishane na mlinzi.

Na wewe ambaye unasubiri ndege nyingine tu, una saa saba au nane mkononi: treni ya uwanja wa ndege hufika kituo cha Hong Kong kwa dakika 24 hivi, na kuna daraja la waenda kwa miguu kuelekea magatini. Acha mabegi uwanjani. Gati 8, kivuko kwenda na kurudi, kisha treni.