Mvulana wa Kijijini na Timu ya Mkoa ya Raga

SWALI: Mhariri, ninafundisha michezo katika shule ya sekondari wilayani Mpwapwa. Wanafunzi wangu, waliotazama raga ya Afrika Kusini kwenye runinga, wameniuliza kama mvulana wa kijijini huko anaweza kufika timu ya taifa bila kusoma shule kubwa za mjini. Niwajibu nini?

JIBU: Mwalimu, wajibu kwamba anaweza, ingawa njia yake ni ndefu. Mlango mashuhuri ni Wiki ya Craven, mashindano yaliyoanza mwaka 1964, ambamo timu za mikoa za wavulana wa chini ya miaka 18 hukutana mbele ya wasaka vipaji. Wale wa chini ya miaka 16 wana wiki ya Grant Khomo. Ngazi hizo zinakaribiana na UMISSETA yetu, michezo ya shule za sekondari Tanzania, ambayo mchezaji huipanda kutoka shule hadi wilaya, kisha mkoa. Tatizo ni kwamba mchaguzi huanza kutazama palipo na uwanja na kocha, na kwa maoni yangu nauli, jambo ambalo walimu wa Kongwa na Chamwino wanalifahamu vyema, huwanyima vijana nafasi kuliko upungufu wa kipaji.

Hata hivyo, Makazole Mapimpi, aliyekulia kijijini Tsholomnqa, Rasi ya Mashariki, hakupitia Wiki ya Craven. Alianzia ngazi ya mkoa katika timu ya Border, na tarehe 2 Novemba 2019 aliifungia Afrika Kusini trai (bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani), ya kwanza kabisa kwa nchi hiyo katika fainali ya Kombe la Dunia, dhidi ya England. Waeleze habari zake kwa kirefu.