Maswali ya Wasomaji: Mchele Unapopanda Meli

SWALI: Nina mashine ya kukoboa mpunga na nimekuwa nikiuza ndani tu. Sasa nataka kupeleka mchele nje kwa meli. Nianze na mnunuzi au na makaratasi?

JIBU: Anza na mchele. Mnunuzi wa nje hanunui “mchele mzuri”, ananunua kiwango kilichoandikwa: aina, asilimia ya chenga, unyevu, mawe, punje za mpunga zilizosalia. Kontena la futi 20 hubeba takriban tani 25, yaani mifuko 500 ya kilo 50, na mfuko wa mwisho unatakiwa ufanane na sampuli uliyotuma. Wengi hukwama hapo: sampuli ilichambuliwa kwa mkono, shehena imetoka moja kwa moja mashineni.

Kisha piga hesabu ya mpunga. Kilo 100 za mpunga hutoa mchele kilo 60 hadi 65 kwa mashine nzuri, chenga zikiwemo. Ukipata punje nzima kilo 50 tu, tani 25 zenye chenga asilimia 5 zitakula mpunga karibu tani 48. Usitaje bei kabla hujajua chenga zitakazobaki utamuuzia nani.

Makaratasi mengi wakala wa forodha atakuongoza: ankara, orodha ya mifuko, cheti cha afya ya mimea, cheti cha uasili (kinachoonyesha mchele umetoka nchi gani), cheti cha kufukiza dawa, hati ya shehena. Uzito wa kontena lililojaa nao lazima uthibitishwe kabla halijapakiwa melini. La kuangalia mwenyewe ni malipo. Ukilipwa kwa barua ya mkopo ya benki, yaani ahadi ya benki kukulipa ukiwasilisha makaratasi yaliyotajwa humo, benki husoma karatasi, haionji mchele. Jina likitofautiana herufi moja, malipo yanaweza kusimama.

SWALI: Shehena ya mwenzangu ilifika na ukungu, na kontena halikuwa na tundu hata moja. Maji yalitoka wapi?

JIBU: Kwenye mchele wenyewe. Tani 25 zenye unyevu wa asilimia 14 zina maji tani 3.5. Bati likipata baridi, mvuke hugeuka matone darini na kudondokea mifuko ya juu. Pakia mchele wa asilimia 13 au chini, uliokwisha kupoa baada ya kukobolewa. Pima mifuko ya katikati pia, si ya pembeni tu. Tandika karatasi nene kuta zote, funika juu, ning’iniza vifuko vya kufyonza unyevu.

Tundu bado litafutwe: mtu aingie mchana, milango ifungwe kwa muda mfupi, aangalie kama mwanga unapenya. Anuse pia, kwa sababu mchele hunyonya harufu ya shehena iliyotangulia.

Gesi ya fosfini, inayofukizwa kuua wadudu wa mchele, nayo haitaki haraka. Inahitaji siku kadhaa, na zaidi kukiwa na baridi. Ukiikatisha, wadudu wakubwa hufa, mayai hubaki na kuanguliwa safarini. Kazi hiyo apewe mwenye leseni, na kontena libandikwe onyo mlangoni: gesi hiyo huua mtu anayefungua bila kuingiza hewa kwanza.